Kufunga kadi ya siriali kwenye kompyuta ya mezani

Kama una duka hapa Lamu na mizani yako au printa ya risiti ni ile ya plagi ya pini 9 na kompyuta mpya haina tundu lake, usiitupe jamani, tafuta kadi ya siriali, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta iongeze tundu hilo. Kwanza fungua kava uangalie nafasi ya kuchomeka kadi ni aina gani, PCI (ya zamani) au PCIe (mpya), haziingiliani kabisa. Zima, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha utoe umeme tuli. Hewa yetu ya chumvi inaleta kutu haraka, so kadi ikiwa ya mtumba sugua yale meno ya dhahabu na raba ya penseli polepole mpaka yang'ae, alafu isukume ikae sawasawa, kaza skrubu.

Washa, weka draiva (programu ya kuendesha kadi), ingia Divaisi Meneja ya Windows uone imepewa COM (namba ya tundu) ngapi, maana programu zingine za zamani zinajua COM1 mpaka COM4 tu, ikizidi ibadilishe hapohapo. Kasi ya kutuma data na mipangilio yake ilingane pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye mizani au printa, anza na kasi 9600, biti 8, bila pariti, stopu 1. Ukiona herufi za ajabuajabu, mara nyingi kasi ndo haijalingana.

Kimya kabisa? Unganisha pini 2 na 3 za kadi kwa kijiwaya, andika kitu kwenye PuTTY (programu ya kutuma na kupokea herufi) ukiifungua kwa COM hiyo, kikirudi basi kadi ni nzima, kagua kebo.