Jinsi ya kumwonyesha mtu kwa nini mtoto njiti, yani aliyezaliwa kabla ya wakati, anaguna akipumua (unahitaji sahani, sabuni, puto 2 na mrija)

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto wachanga, na swali ninaloulizwa sana na wamama ni hili, nesi mbona mwanangu anaguna kila akitoa pumzi, mbona kifua kinabonyea hivyo. Kumjibu kwa maneno matupu haisaidii, akiona kwa macho anaelewa, kwa hiyo hivi ndo ninavyofanya na we unaweza kumfanyia ndugu yako nyumbani.

Weka maji kwenye sahani, nyunyiza pilipili manga ya unga. Itaelea, maana uso wa maji umejivuta kama ngozi ya ngoma. Sasa paka kidole sabuni ya kuoshea vyombo, gusa katikati, pilipili yote inakimbilia pembeni. Pale ulipogusa sabuni imelegeza mvutano, na maji ya pembeni ambayo bado yamekaza yameivuta. Shika hilo.

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa kama milioni 300 hivi au zaidi, kila kimoja kina upana wa kama robo milimita, na ndani vimelowa. Huo unyevu unajivuta vilevile, yani kila sekunde unataka kukisinyaza kifuko. Presha ya kukizuia kisifunge unaipata hivi: mvutano mara mbili, gawanya kwa nusu ya upana wa kifuko. Kingekuwa na maji matupu (mvutano niutoni 0.072 kwa mita) na nusu upana ni milimita 0.1, inakuja kama paskali 1,440, sawa na kusukuma maji yapande sentimita 15, wakati pumzi ya mtu mzima aliyetulia inatumia sentimita chache tu! Na kifuko kikiwa kidogo zaidi presha inapanda zaidi, we fikiria cha njiti.

Hapo leta puto. Zipulize kwanza zilegee, halafu moja ijaze ikaribie kichwa cha mtu, nyingine kama chungwa, zibane shingo, ziunganishe na kipande cha mpira wa maji uachie. Watu wengi wanadhani zitalingana, kumbe ndogo inasinyaa na hewa yake inaingia kwenye kubwa. Puto ni mpira sio maji kwa hiyo ni mfano tu, lakini vifuko vidogo bila kinga vingefanya hivyohivyo.

Kinga yenyewe ni safaktanti, sabuni ya mapafu, mafuta na protini kidogo, inatengenezwa na seli za kwenye kuta za vifuko. Kifuko kikisinyaa inabanana na kulegeza mvutano zaidi, yani inasaidia palepale panapohitajika. Mimba inaanza kuitengeneza kama wiki ya 24 na ya kutosha inakuwepo karibu wiki ya 35. Watafiti wa Marekani, Mary Ellen Avery na Jere Mead, walionyesha mwaka 1959 kwamba ndo inayokosekana kwa njiti hawa, ila dawa ilikuwa bado, hata mtoto wa rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alifariki Agosti 1963 akiwa na saa 39 tu.

Mwisho mrija. Weka alama sentimita 5, uzamishe kwenye glasi ya maji mpaka hapo, puliza. Mapovu hayatoki mpaka ushinde uzito wa zile sentimita 5, na presha hiyo inabaki nyuma yake. Ndo kazi ya ile mashine ya mapovu wodini, sipapu, vifuko visifunge pumzi ikitoka (mtoto usimjaribie mrija kabisa, huu ni wa glasi). Na mguno ndo huohuo, mtoto anabana koo mwenyewe ili hewa isitoke yote.

Mjamzito akishikwa uchungu kabla ya wakati awahi hospitali hata kama unakuja na kupotea, maana ipo sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto na inahitaji muda, ikipata siku nzima kabla hajazaliwa ni bora zaidi. Na mtoto aliyekuwa anaguna akinyamaza ghafla usiseme amepona, anaweza kuwa amechoka, muite nesi hapohapo.