Somo: Kupiga hesabu za saketi ya AC kwa fasori

Wakuu, wengi wanaojifunza umeme wa AC (mkondo unaogeuka mwelekeo kila mara) hukwama hapa: rezista na koili zimefungwa kwa mfululizo, mita inasoma volti 138 kwenye rezista na volti 184 kwenye koili. Jumla 322, na soketi inatoa 230 tu! Mita ni nzima. Volti hizo mbili hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, kwa hiyo hazijumlishwi kama shilingi. Zinajumlishwa kama mishale, na mshale huo ndio fasori: urefu ni kiasi, pembe ni kuwahi au kuchelewa.

Saketi yetu: 230 V, 50 Hz, rezista ya omu 30, koili ya henri 0.127 (ukinzani wa waya wake tuuache).

Hatua ya 1. Riaktansi ya koili, yaani kiasi inavyozuia mkondo wa AC: 2π × 50 × 0.127 = omu 40 hivi.

Hatua ya 2. Chora. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, basi mshale wake ulaze kuelekea kulia. Volti ya rezista inalala juu yake. Volti ya koili inasimama wima kwenda juu, maana imeutangulia mkondo kwa nyuzi 90. Tafadhali usiruke mchoro hata kama kikokotoo chako ni kizuri; anayechora hachanganyi kujumlisha na kutoa.

Hatua ya 3. Impidansi, yaani uzuiaji wa jumla wa saketi: √(30² + 40²) = omu 50. Pembe ni nyuzi 53.1.

Hatua ya 4. Mkondo: 230 ÷ 50 = ampea 4.6, umechelewa nyuma ya volti kwa nyuzi 53.1. Zidisha kwa 30 upate 138, kwa 40 upate 184. Sasa √(138² + 184²) = 230. Imefunga.

MASWALI

Mkuu, 230 ndiyo kilele?
Hapana, kilele ni kama 325. Mita husoma kilele kilichogawanywa kwa √2.

Kwa nini vitabu vinaandika 30 + j40?
Ni mchoro uleule kwa namba: 30 kulia, 40 juu. Mhandisi Steinmetz aliufafanua mtindo huu Chicago mwaka 1893. Inatumika j badala ya i ya wanahisabati (mzizi wa pili wa −1) kwa sababu kwetu i ni mkondo.

Nikiongeza kapasita yenye riaktansi ya omu 40 kwenye mfululizo huo?
Mshale wake unaelekea chini, unafuta ule wa koili. Zinabaki omu 30, mkondo unapanda hadi ampea 7.7, na kapasita inabeba volti 307, kilele karibu 434. Ukinunua iliyoandikwa volti 250 kwa kuwa soketi ni 230, itaungua.