Namna ya Kutambua Mahali Intaneti Ilipokatika

Ukurasa unapogoma kufunguka, wengi wetu husema tu kwamba mtandao umekata, kisha tunazima simu na kuiwasha tena, tunanunua bando jingine, au tunampigia mtoa huduma kumlaumu kwa kosa ambalo pengine si lake. Lakini intaneti haiko mahali pamoja wala haina mwenyewe mmoja. Ni maelfu ya mitandao ya kampuni za simu, vyuo, serikali na wafanyabiashara, iliyokubaliana kupokezana data kwa kanuni zilezile, na kwa sababu hiyo inaweza kukatika mahali fulani huku sehemu nyingine zote zikiwa nzima. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuikagua njia hiyo kipande kwa kipande, kuanzia kifaa kilicho mkononi mwako hadi kwenye seva iliyo ng'ambo. Naamini hakuna njia bora zaidi kwa anayeanza kuielewa intaneti, kwa kuwa kila kipimo kinamwonyesha sehemu moja ikifanya kazi yake.

Kwanza ni vyema kujua kinachosafiri. Unapogusa kiungo, kivinjari chako hutuma ombi kwa kompyuta nyingine inayoitwa seva, nayo hujibu kwa kuutuma ukurasa ulioombwa. Ukurasa huo hausafiri ukiwa mzima, bali hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo, kwa kawaida zisizozidi baiti 1,500 kila moja, na kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na ya inakokwenda. Picha moja ya megabaiti moja na nusu huhitaji pakiti zaidi ya 1,000. Mashine zinazozielekeza, yaani ruta, hazina haja ya kujua kama zimebeba picha au barua. Husoma anwani na kuisukuma pakiti kwa ruta inayofuata. Zikifika, kifaa chako huzipanga kwa namba zake za mfululizo, na iliyopotea njiani hutumwa tena. Kanuni za kazi hii huitwa TCP/IP, na mtandao wa ARPANET wa Marekani, ulioanza mwaka 1969, ulihamia rasmi kwenye kanuni hizo tarehe 1 Januari 1983. Simu unayoitumia leo inazifuata hizohizo.

Ukaguzi wa nyumbani

Ukitumia data ya simu, hakikisha kwanza kwamba bando halijaisha. Alama ya 4G juu ya kioo inaeleza tu kwamba simu inawasiliana na mnara, na itaendelea kuonekana hata kama salio la data ni sifuri. Kumbuka pia kwamba baadhi ya vifurushi hulipia mitandao ya kijamii peke yake, hivyo WhatsApp inaweza kupokea ujumbe bila shida huku kurasa nyingine zikikataa kabisa kufunguka.

Ukitumia Wi-Fi, alama yake nayo inathibitisha mawasiliano kati ya kifaa chako na ruta ya nyumbani au ofisini, wala haielezi lolote kuhusu yaliyo nje ya ukuta. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha litakalofunguka andika ipconfig, uitafute anwani ya kompyuta yako na mstari ulioandikwa Default Gateway, ambao ndio wenye anwani ya ruta. Kwenye simu, anwani hizi mbili mara nyingi huonekana ukifungua maelezo ya mtandao wa Wi-Fi ndani ya mipangilio.

Mara nyingi anwani ya kompyuta itaanza na 192.168 au 10. Hizi ni anwani za ndani, na mamilioni ya nyumba duniani hutumia zilezile bila kugongana, kwa sababu ruta hubadilisha anwani ya ndani na kuweka ya nje kila pakiti inapotoka. Utaratibu huo ulienea kwa kuwa mfumo wa IPv4 una anwani takriban bilioni 4.3 tu, ambazo hazitoshi. Mfumo mpya wa IPv6 una nyingi kupita kiasi, ila bado haujaenea kila mahali. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, jua kwamba kompyuta iliomba anwani kwa ruta na haikujibiwa, hivyo tatizo liko humo humo nyumbani. Ikiwa anwani ni sawa, andika ping, amri inayotuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu kurudi, kisha anwani ya ruta, kwa mfano ping 192.168.1.1. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache, kipande cha kwanza ni kizima. Yakichelewa sana au mengine yakipotea, sogea karibu na ruta kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Kutoka nje, na suala la majina

Sasa andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya huduma ya Google ya kutafuta majina, na imechaguliwa hapa kwa sababu ni rahisi kukumbuka na hujibu karibu wakati wote. Majibu yakirudi, mtoa huduma wako anakufikisha nje. Yasiporudi ilhali ruta inajibu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kati ya ruta yako na mtoa huduma, na hapo ndipo panapostahili simu ya malalamiko.

Ikitokea kwamba namba zinajibu lakini kurasa hazifunguki, shuku majina. Ruta hazielewi majina kama www.udsm.ac.tz, zinaelewa namba tu, kwa hiyo kabla ya pakiti ya kwanza kuelekea kwenye tovuti hiyo, kifaa chako hulazimika kuuliza namba yake. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, DNS, uliobuniwa mwaka 1983. Jina husomwa kuanzia mwisho wake. Seva ya mtoa huduma huuliza kwanza seva za mzizi, ambazo zina majina 13 yanayoanzia A hadi M, nazo huielekeza kwa seva zinazosimamia .tz, hizo huielekeza hatua kwa hatua hadi kwa seva za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, ambazo ndizo zenye jibu la mwisho. Jibu hilo huhifadhiwa kwa muda ili swali lisirudiwe kila mara, na ndiyo maana tovuti iliyohamishiwa seva nyingine huweza kufunguka kwa jirani huku kwako ikikataa kwa saa kadhaa.

Andika nslookup www.udsm.ac.tz uone kama namba inarudi. Isiporudi, na majina mengine nayo yakikosa jibu, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama seva ya DNS katika mipangilio ya mtandao, ujaribu tena. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9, mpangilio uitwao Private DNS haupokei namba bali jina, kwa hiyo andika dns.google. Nimeona watu wengi wakiweka namba pale, zikakataliwa, wakakata tamaa bure.

Njia ndefu ya kwenda ng'ambo

Kipimo kinachofundisha kuliko vyote ni cha kufuata njia. Kwenye Windows andika tracert wikipedia.org, kwenye Mac na Linux andika traceroute. Kila pakiti hubeba namba inayopunguzwa moja na kila ruta inayoipitia, na ruta inayoifikisha sifuri huitupa pakiti hiyo na kumjulisha aliyeituma. Amri hii hutumia utaratibu huo kwa makusudi: hutuma pakiti zenye namba 1 zifie kwenye ruta ya kwanza, kisha zenye 2, kisha 3, hadi kufika mwisho wa safari, na kila taarifa inayorudi inakuwa mstari mmoja wenye anwani ya ruta na muda wa kwenda na kurudi. Ukiona nyota mahali pa muda usiogope, kwani ruta nyingi zimepangwa zisijibu ingawa zinapitisha pakiti kama kawaida. La kutia shaka ni nyota zinazoanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho, na ukurasa nao haufunguki.

Soma muda kwa makini, kwa sababu unaeleza jiografia. Mwanga ndani ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo njia ya kilomita 10,000 haiwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 100, hata kifurushi chako kiwe na kasi ya namna gani. Ukikaa Mombasa au Dar es Salaam, ukaona muda unaruka ghafla kutoka milisekunde 8 hadi zaidi ya 100, karibu hakika pakiti zimeingia kwenye mkongo wa baharini, yaani kebo ya faiba iliyolazwa chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM na ule wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah, ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla yake tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako safari ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde.

Muda mfupi mno nao una maana yake. 8.8.8.8 ikijibu kwa milisekunde 10 ukiwa Nairobi, jibu hilo halijatoka Marekani. Anwani hiyo moja hutangazwa kutoka sehemu nyingi duniani, na pakiti zako huelekezwa kwa iliyo karibu kimtandao. Vilevile kampuni kubwa kama Google na Netflix huweka seva zenye nakala za video ndani ya mitandao ya watoa huduma, na mitandao ya nchini hubadilishana data katika vituo kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam. Kabla ya KIXP kuanzishwa, barua pepe kati ya wateja wa watoa huduma wawili wa Nairobi ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti ndipo imfikie mtu wa mtaa wa pili. Vituo hivi vinastahili kujulikana na kuthaminiwa zaidi ya ilivyo sasa.

Ukielewa hayo, tukio la tarehe 12 Mei 2024 halina fumbo. Siku hiyo EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, miezi michache tu baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Data ilibidi ipite njia zilizobaki, zikafurika. Katika hali kama hiyo, kilicho na nakala karibu huendelea kufunguka, na kile ambacho seva yake iko Ulaya au Marekani hujikokota au kukwama, wala kuzima na kuwasha simu hakusaidii kitu, kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya meli ya ukarabati.

Kabla ya kupiga simu

Iwapo vipimo vyote ni vizuri na tovuti moja tu haifunguki, ijaribu kwa mtandao mwingine. Ikigoma na huko, seva yake ndiyo iliyolala. Kivinjari kikikuonya kuhusu usalama katika tovuti nyingi kwa pamoja, tazama tarehe ya kifaa chako, kwa sababu vyeti vinavyothibitisha tovuti vina siku ya kuanza na ya kuisha, na saa iliyokosewa huvifanya vionekane batili.

Unapompigia mtoa huduma, mweleze saa tatizo lilipoanza, kama ruta inajibu, kama 8.8.8.8 inajibu, na kama majina yanapatikana, kisha mtumie picha ya matokeo ya tracert. Ambatanisha na matokeo ya siku ambayo mtandao ulikuwa mzuri, ambayo ni vyema uyapime leo na kuyahifadhi, ili fundi aone mara moja ni mstari upi uliobadilika.