Somo: Kimeng'enya kinachoilisha karanga, kuanzia shambani hadi ndani ya kinundu

Habari za shamba, ndugu zangu. Karanga huku Kongwa zimeanza kutoa maua, na huu ndio wakati mzuri wa somo nililowaahidi la naitrojinesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ndani ya kiumbe) kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Wengi mlitaka nianze na mchoro. Mimi naomba tuanze na jembe, maana kazi ya kimeng'enya hiki inaonekana kwa macho matupu.

Hatua ya 1: Toa mche bila kuupoteza mzizi

Usivute shina. Ukivuta, vinundu, yaani vile vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria wenye kimeng'enya hiki, vinabaki ardhini, halafu unasema karanga yako haina kitu. Chimba kuzunguka mche kwa upana wa kiganja, inua bonge zima, litumbukize kwenye ndoo ya maji na uliache hadi udongo umeguke wenyewe. Utaona vinundu vya mviringo, vingine vidogo kama punje ya uwele. Kwa karanga, angalia hasa pale mzizi mdogo unapochipuka kutoka mzizi mkubwa, kwa sababu bakteria wake, Bradyrhizobium, huingilia kwenye ufa unaoachwa hapo.

Kinundu ukikigusa kwa kucha kinabanduka. Kama mzizi wenyewe ndio umevimba na uvimbe haubanduki, hiyo ni minyoo fundo, na ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Kipasue kwa wembe

Kata kinundu katikati, uangalie mara moja kabla hakijakauka. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama fizi ya mtoto, kimeng'enya kipo kazini. Nyeupe ni kichanga au bakteria wake hawafanyi kazi. Kijani au kahawia kimezeeka. Ishike kichwani hiyo rangi nyekundu, tutairudia.

Hatua ya 3: Ijue kazi yenyewe

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia. Atomi zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuvivunja si mchezo. Viwanda vya mbolea hutumia joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi mara 100 ule wa hewa ya kawaida ili kupata amonia, yaani naitrojeni iliyoungana na hidrojeni, ambayo mmea unaweza kuitumia. Bakteria aliye ndani ya kinundu anaipata amonia hiyo hiyo kwa joto la udongo wa shamba lako. Nimefundisha jambo hili miaka mingi, na bado nikipasua kinundu nanyamaza kidogo.

Hatua ya 4: Chora umbo lake chini kwa kijiti

Naitrojinesi ni protini mbili zinazofanya kazi pamoja.

Ya kwanza inaitwa protini ya chuma. Ina nusu mbili zinazofanana, na kati yake zimeshikilia kifundo cha atomi 4 za chuma na 4 za salfa, kama mchemraba. Hii ni bodaboda: inabeba elektroni moja (chembe ndogo ya umeme), inaifikisha, inaachia, inarudi kupakia nyingine.

Ya pili ni protini ya molibdenamu (aina ya metali) na chuma. Ni kubwa zaidi, ina vipande vinne, yaani jozi mbili zinazofanana. Kila jozi ina vifundo viwili. Kimoja, chenye chuma 8 na salfa 7, ni kituo cha kupokelea elektroni. Kingine ndicho jiko lenyewe: chuma 7, salfa 9, molibdenamu 1, na katikati kabisa atomi moja ya kaboni. Umbo la protini hii lilijulikana mwaka 1992 kwa kutumia eksirei, lakini kaboni ile ndogo haikutambuliwa hadi 2011.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya nauli

Kila safari ya bodaboda inatumia ATP 2; ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kugeuza molekuli moja ya naitrojeni kuwa amonia 2 kunahitaji safari 8, kwa hiyo ATP 16. Elektroni 6 zinaingia kwenye amonia, na 2 zinatoka kama gesi ya hidrojeni. Nauli yote hiyo inatokana na sukari ya majani. Ndiyo maana karanga iliyofunikwa na magugu haina vinundu vya maana: hakuna jua, hakuna sukari.

Sasa ile rangi. Oksijeni huiharibu naitrojinesi ndani ya dakika chache tu. Lakini bakteria bila oksijeni hapati ATP. Mmea unatatua kwa kutengeneza legihemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu, inayoishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Wekundu uliouona ni huo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Mpwapwa. Majani ni ya njano, niweke urea?*

Marahaba. Pasua vinundu kwanza. Kama ni vyekundu, tatizo huenda si naitrojeni. Mmea ukipata naitrojeni nyingi ya mbolea hupunguza vinundu, kwa nini ulipe nauli ya ATP 16 wakati chakula kimewekwa mezani? Mwaka mmoja niliweka urea mwenyewe. Majani yakawa kijani kama mchicha, nikachimba, vinundu vya kuhesabu.

*Molibdenamu nainunua wapi?*

Mahitaji yake ni gramu chache tu kwa ekari. Mara nyingi ipo, ila udongo wenye asidi huing'ang'ania. Pima udongo, na ukikuta asidi, chokaa inaweza kuifungua.

*Nimenunua bakteria wa soya, nipake kwenye mbegu za karanga?*

Hapana, dada. Bakteria wa soya wana mmea wao. Tafuta walioandikwa ni wa karanga, wapake kivulini, panda siku hiyo hiyo. Mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu zinaweza kuwaua.

*Mvua ikikatika wiki mbili kama kawaida yetu Dodoma, kimeng'enya kinakufa?*

Kinapungua mapema, hata kabla majani hayajanyauka sana. Mvua ikirudi upesi, vinundu vingi huamka; ukame ukirefuka, huvunjika na mmea hulazimika kuunda vipya. Pasua kimoja siku ya tatu baada ya mvua, utaona kama wekundu bado upo.

*Kwa nini mahindi wasiwekewe kimeng'enya hiki?*

Wanasayansi wanahangaika nalo. Lile jiko la molibdenamu haliundwi na protini moja, kuna kundi zima la protini nyingine za kuliunga kipande kwa kipande, kila moja na jeni yake, na zote lazima zikingwe na oksijeni. Jani la mahindi, mchana kutwa, linatengeneza oksijeni.