Mashine ya kufulia ikivuja, anza na mpira wa mlangoni

Wenzangu wa Tanga wenye mashine za mlango wa mbele, ukikuta dimbwi sakafuni usikimbilie kuuliza bei ya mpya. Chomoa umeme, kisha funua mikunjo ya mpira wa mlangoni kwa kidole. Kwangu nilikuta pini ya mtandio imeutoboa, na sarafu ya mia juu yake! Mpira, bomba la maji machafu, chujio la pampu: hizo kazi ndogo, mpe fundi. Ila pipa la plastiki linalobeba ngoma ya kuzungushia nguo likipasuka, na mashine yenyewe ya zamani, achana nayo. Na sisi wa Raskazone, huku kando ya bahari, tumulike tochi chini ya mashine kwanza. Chumvi ya bahari ikishakula bati la kitako, hata huo mpira usinunue.