Kuvuka barabara Kampala ukiwa mgeni: someni hapa kabla ya kuniuliza

Kila mgeni anayeshuka kutoka Goma, Bujumbura au Juba ananiuliza jambo lilelile. Nimeandika mara moja, basi.

1. Tafuta zebra au taa. Wandegeya taa zipo.

2. Simu mfukoni, masikio wazi.

3. Tazama KULIA kwanza. Uganda, kama Kenya na Tanzania, magari hupita kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini hupita kulia. Aliyekulia Bukavu shingo yake imezoea kugeukia kushoto, na akiwa na haraka inageuka yenyewe kabla hajafikiri: anashuka barabarani akitazama upande mtupu huku taksi ikimjia begani. Kulijua hili hakutoshi. Siku za mwanzo tamka "kulia" kila unaposhuka ukingoni, watu wacheke wakitaka. Ukikaribia katikati, geukia kushoto. Na bodaboda usizitegemee kufuata upande wake, hizo huja hata kinyume. Macho yazunguke mpaka umekanyaga ng'ambo.

4. Taksi iliyosimama haijakupa barabara. Pengine inapakia abiria tu. Hata dereva akikupungia mkono upite, aliyekuona ni yeye peke yake. Boda inayompita upande wake wa kulia haikuoni, wala wewe huioni, maana gari limewaziba nyote wawili. Fika mwisho wa boneti, SIMAMA, chungulia, ndipo uendelee. Chombo chenye kasi ya kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde, na hapo dereva hajagusa breki.

5. Vuka moja kwa moja. Usikimbie, usirudi nyuma ghafla.

MASWALI

Kijana wa Kisenyi: Kaka, kwa kifupi, natazama wapi?

Jibu: Hatua ya 3. Ina herufi kubwa.

Kijana wa Kisenyi: Mbona mimi huwafuata watu tu na sijagongwa?

Jibu: Wa mbele anahesabu nafasi yake, si yako. Endelea ukitaka.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Taa imeniruhusu, lakini trafiki ameinua mkono kuyaita magari. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba mama, swali zuri hilo. Mfuate trafiki. Ishara ya askari huishinda taa, na hapa mjini saa za jam utawakuta sana na sare zao nyeupe. Jambo jingine: taa ikikuruhusu, gari linalokata kona bado linaweza kukujia, kwa hiyo tazama magurudumu ya mbele. Yakianza kupinda, ngoja. Ukiwa na watoto, mshike mtoto kifundo cha mkono. Vidole vyenye jasho huteleza.

Mama Neema: Asante. Na kule kusiko na njia ya miguu?

Jibu: Tembea kulia, uyakabili magari. Usiku vaa nguo nyeupe au washa tochi ya simu.

Dada wa Nakawa: Tochi sawa, lakini simu ishike upande wa mbali na barabara. Wa boda wananyakua!

Jibu: Kweli kabisa. Na begi vilevile, mkanda upitishe kifuani.

Kijana wa Kisenyi: Sasa kulia ni kulia kwangu au kwa dereva?

Jibu: Kwako.