Somo: Anza jiolojia na jiwe moja tu

Anayeuliza aanzie wapi jiolojia mara nyingi hupewa orodha ya majina ya mawe akariri. Mimi nasema okota jiwe moja, na usilipe jina mpaka uwe umeandika ulichokiona. Niko Mwanza, kwa hiyo langu ni itale, yaani graniti, kama Jiwe la Bismarck lile lililosimama ziwani. Wewe tumia lililo karibu nawe.

1. Livunje. Ngozi ya nje inadanganya, mvua na jua vimeshaibadili rangi. Tumia nyundo ya kuvunjia mawe. Ya seremala inaweza kumeguka. Vaa miwani, watoto wakae mbali.

2. Ligeuzegeuze juani. Kwenye itale utaona vitu vitatu. Kuna vipande vinavyomeremeta ghafla kama kioo kidogo kisha vinazima: hiyo ni feldispa, huvunjika kwa nyuso bapa. Kuna vya kijivu vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika, visivyo na uso bapa: kwatzi. Na vigamba vyeusi unavyoweza kuvibandua kwa ukucha: ulanga. Chembe zikionekana bila lenzi, jiwe lilipoa taratibu chini sana ardhini. Basalti, jiwe jeusi la volkano, ilipoa haraka juu ya ardhi, ndiyo maana chembe zake huzioni.

3. Likwaruze. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 (laini) hadi 10 (gumu kabisa), ukucha ni kama 2.5, kisu kama 5.5, kwatzi 7. Kwaruza chembe moja moja, siyo jiwe zima. Kisha futa alama kwa kidole: ikifutika, ni unga wa kisu chako, jiwe halijakwaruzika.

4. Tone la siki. Likitoa povu, kuna chokaa. Itale halitoi.

5. Pima densiti, yaani gramu ngapi kwa kila sentimita ya ujazo. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, na mizani ya jikoni inatosha. Pima jiwe likiwa kavu, tuseme gramu 318. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini. Mizani ikisoma 120, ujazo wake ni sentimita za ujazo 120. Gawanya: 318 kwa 120 ni 2.65. Hapo uko kwenye itale. Basalti hukaribia 3.

6. Sasa toka nje. Simama mbali, chora kwanza, piga picha baadaye. Mawe ya Mwanza yaliyopandana hayakupangwa na mtu. Mwamba ulikuwa na nyufa zinazokatana, maji yakaingia, feldispa ikageuka udongo. Kona huliwa kutoka pande tatu, uso upande mmoja, basi sanduku likawa mpira. Mvua ikazoa udongo, mipira ikabaki juu.

Kila jiwe liandike namba palepale, na namba hiyohiyo daftarini pamoja na mahali. Safari yangu ya kwanza nilirudi na mawe 14 kwenye mfuko wa salfeti, bila namba hata moja. Yakaishia kuzuia mlango wa banda la kuku.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Geita. Nina kijiwe cha njano kinang'aa, nitajuaje si dhahabu?*
Kisugue nyuma ya kigae, upande usio na rangi ya kung'aa. Pairaiti, madini ya njano yanayodanganya watu kuwa dhahabu, huacha unga mweusi wa kijanikijani, dhahabu huacha mstari wa njano. Au ligonge kidogo: dhahabu hubonyea, pairaiti husagika.

*Nimeweka siki kwenye marumaru, kimya. Siki mbovu?*
Huenda jiwe lako ni dolomaiti, jamaa wa chokaa. Lile huwa gumu kuitikia likiwa zima. Likwaruze upate unga, pasha siki moto kidogo, dondosha kwenye unga, kisha sogeza sikio. Wakati mwingine povu unalisikia kabla ya kuliona.

*Kaka, huku Mombasa mawe ya kujengea yana makombe ndani. Bahari ilifika hadi huku juu?*
Ndiyo, ilifika. Hayo ni matumbawe yaliyokua miaka kama 125,000 iliyopita, maji yakiwa juu kuliko leo. Tafuta ukuta usiopigwa lipu, uutazame asubuhi jua likiwa la upande, utaona matumbawe yenyewe, matundu yake yamepangika kama ya sega la nyuki.